Vita vilipochukua vijana, timu za kulipwa zilijazaje kikosi?

Kocha wa Nyalenda
Hamjambo wapenzi wa soka. Jumamosi tulifika uwanjani tukiwa wanane. Watatu walikuwa wamepata kazi ya mjengo Siaya, na siwezi kumlaumu kijana anayetafuta unga. Nilisimama pembeni na jezi tatu begani, namba 4, 7 na 11, bado zimekunjwa. Tulicheza hivyo hivyo, tukafungwa sita. Tangu siku hiyo najiuliza, wenzetu wakati wa Vita Vikuu walifanyaje?

Mzee wa Lanet
Pole, kocha. Ligi ya Uingereza ilisimama Septemba 1939, msimu ukiwa umeanza juzi tu. Zikaja ligi za maeneo, na mchezaji akaruhusiwa kuchezea kama mgeni timu iliyo karibu na kambi yake. Aldershot, timu ya daraja la tatu, ikaneemeka. Mji wenyewe ni wa kambi za jeshi, kama huku kwetu Lanet. Stan Cullis, Joe Mercer na Tommy Lawton, wote wa timu ya taifa, waliivalia jezi.

Brighton wao waliumia. Krismasi ya 1940 walisafiri hadi Norwich na wachezaji watano. Wakaazima vijana wa akiba wa Norwich na wanajeshi waliokuja kutazama tu. Wakafungwa 18-0! Nawaheshimu sana wale watano. Wangeweza kurudi nyumbani.

Dada wa Bukhungu
Kwenye kandanda ya Kimarekani, mwaka 1943 Philadelphia Eagles na Pittsburgh Steelers ziliungana zikawa timu moja. Mchana wachezaji walikuwa kwenye viwanda vya vita, mazoezi jioni. Walishinda mechi 5, wakapoteza 4, wakatoka sare 1. Kilichosumbua ni makocha wawili wasioelewana, ikabidi mmoja ashike ushambuliaji, mwingine ulinzi. Kocha, hapo Manyatta si kuna timu yenye shida kama yako?

Kocha wa Nyalenda
Ipo, dada, na kocha wake hatujasemezana tangu fainali ya mwaka jana. Nimempigia simu sasa hivi. Ana wachezaji saba. Tumekubaliana yeye abaki na washambuliaji, mimi mabeki na kipa. Mazoezi ni saa kumi na moja jioni, vijana wakitoka kazini. Mzee, asante kwa habari ya wale watano. Nitawasimulia vijana kesho kabla hawajavaa buti.