Mjinga, mzito au butu: neno lipi kwa mtoto asiye mwepesi wa kufahamu?

Mwalimu_Langoni (Lamu):
Wapenzi wa lugha, salaam. Nafundisha Gredi ya 4 hapa Amu na sasa naandika ripoti za muhula. Fomu ina "amekaribia matarajio" na "chini ya matarajio", hayo hayana taabu. Nimekwama kwenye maoni ya mwalimu. Kuna mtoto mmoja, ukimweleza jambo leo hulielewa kesho kutwa. Tangu utotoni tumekaririshwa kuwa kinyume cha mwerevu ni mjinga, nami siwezi kumwandikia mama wa mtu hivyo. Nimekusanya mjinga, mpumbavu, mzito, butu, zuzu na bozi. Lipi litamtendea haki mtoto?

Fundi_Patasi (Lamu):
Butu liondoe mapema, mwalimu. Butu, au dugi, ni sifa ya chuma. Patasi isiyopata naipitisha kwenye kinoo na inarudi kazini. Watu husema "akili butu", lakini neno lenyewe linadai makali yalikuwapo yakaisha. Ya mtoto wa Gredi ya 4 yameisha lini?

Ummu_Salma (Malindi):
Mjinga na mpumbavu ndiyo yanayochanganywa zaidi, na tofauti yake ni kubwa. Mjinga ni asiyejua. Ndiyo maana wazee wakasema kuuliza si ujinga, na masomo ya watu wazima yakaitwa ya kufuta ujinga. "Mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani": ujinga ni hali inayomtoka mtu. Mpumbavu anajua, ila hafuati anachokijua. Mgeni asiyejua kusi linavyochafua bahari, akapanda mashua, ni mjinga. Nahodha anayelijua kusi, akaonywa, akatweka tanga vilevile, huyo ni mpumbavu. Mtoto wako hayumo humo kabisa.

Zuzu, bozi, juha, baradhuli, bwege: yote ni matusi, yanazidiana ukali tu. Futa.

Mzee_Mkomani (Lamu):
Binti yangu Ummu Salma, umesema kweli, lakini ni nusu yake. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, alimwonya asitangamane na "wayinga", watu wasiojua kujichunga. Muyinga wa hapo ni mtu aliyekosa adabu ya nafsi, hata kama kusoma anajua. Basi mama wa Amu akisoma "mjinga" kwenye ripoti, hasikii habari ya hesabu na kusoma. Yuwasikia kuwa malezi yake yana kasoro.

Jahili nalo tahadhari. Asili yake ni mtu asiye na elimu, ila leo ukimwita mtu jahili wengi watafahamu katili.

Kijana_wa_Shela:
Je, "kichwa kigumu"? Nyumbani tunalisema kila siku.

Ummu_Salma (Malindi):
Huku kwetu kichwa kigumu ni mkaidi, kaka. Mama atadhani mwanawe anakataa kufundishwa.

Shikamoo Mzee Mkomani, nimekubali. Kura yangu naipa mzito, yaani "mzito wa kufahamu". Kinyume chake ni mwepesi, na yote mawili yanaeleza mwendo wa akili bila kusema akili hazipo. Lakini mwalimu, kwanza tueleze: anasikiliza, kisha anachelewa kuelewa, au anazubaa? Kuzubaa na kughafilika ni mambo ya makini, hayana uhusiano na uzito wa akili. Pengine hata hasikii vizuri kutoka alipokaa, nasi tunamtafutia jina.

Mwalimu_Langoni (Lamu):
Anasikia, na hazubai. Hunitazama mpaka nimalize. Jedwali la mara 7 lilimchukua muda kuliko wenzake wote, ila leo ukimwamsha usingizini atakutajia bila kukosea, na wale waliomtangulia wameshalisahau.

Fundi_Patasi (Lamu):
Sasa habari yote si umeshaitoa? Hata "mzito" mimi naliogopea. Likitoka kwenye ripoti litafika uwanjani, wenzake wamwite Mzito mpaka aoe. Usimpe mtoto sifa, eleza anachofanya. Kitenzi hakigeuki lakabu.

Mzee_Mkomani (Lamu):
Fundi amenena. Wala usifiche kuwa anachelewa, mama ana haki ya kujua. Taja na cha kufanya nyumbani.

Mwalimu_Langoni (Lamu):
Nimeandika hivi: "Huchukua muda kulielewa somo jipya, na akishalielewa halisahau. Tafadhali mrudie somo la siku kila jioni, polepole, bila kumlinganisha na ndugu zake." Mnaonaje?

Ummu_Salma (Malindi):
Hapo "tafadhali mrudie" pangekuwa "tafadhali rudia naye". Mengine yaache yalivyo, upeleke.