Niwaambie nini wajukuu wangu kuhusu dunia ambayo hakuna anayeijua bado?

Mwalimu mstaafu, Goma

Ningependa kupata mawazo yenu juu ya jambo ambalo watoto wangu wameniachia: wajukuu watakapokutana kwangu wakati wa vakansi (likizo ya shule), niwape mashauri gani ili wajitayarishe kwa maisha ambayo mimi sitayaona? Mkubwa wao anangojea mtihani wa taifa na anauliza achague fani gani. Mdogo kabisa ndiyo kwanza anajifunza kuandika.

Mashauri niliyopewa na wazee wangu yalikuwa mafupi: soma, upate kazi ya serikali, weka akiba, jenga nyumba. Hayakuwa mabaya, lakini kila moja lilipata pigo lake hapa kwetu Kongo. Tarehe 25 Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 (zaire ilikuwa fedha ya nchi yetu wakati huo) zilifutwa, na aliyekuwa amezificha chini ya godoro akabaki na karatasi; mwaka 1993 zaire mpya 1 ikachukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu, mlima Nyiragongo, ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika hata sehemu ya njia ya ndege, nasi tukajenga tena juu ya mawe yale yale meusi. Kuhusu mshahara wa mwalimu wa serikali, anayeujua hahitaji maelezo, na asiyeujua hataamini. Kisha mwaka 2025 benki za mji huu zilifungwa kwa miezi mingi, na hata mtu mwenye akaunti nzuri akajikuta anatafuta mahali pa kupata dola za kununua unga.

Sitaki kutabiri. Natafuta mashauri ambayo yangebaki na faida hata kama utabiri wangu wote ungekuwa wa uongo. Naomba tusiingie katika siasa, na tafadhali msinijibu kwamba niwaombee tu, kwa maana kuomba ninaomba tayari.

Mama wa Katuba, Lubumbashi

Mwalimu, pokea salamu za Lubumbashi. Ninyi mmeogopa mlima. Sisi tuliogopeshwa na kitu ambacho kila mtu alikiona kuwa imara kuliko mlima. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilianzishwa mwaka 1906, na ilipokuwa mali ya Serikali mwaka 1967 ikaja kuitwa Gécamines. Mfanyakazi alipata nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho ya unga kila mwezi, na mzazi aliyemwingiza mwanawe kazini humo alihesabu kwamba amemaliza kazi ya kulea. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mashine zilizochakaa hazikubadilishwa, uporaji na fujo za miaka iliyofuata zikaongeza madhara, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia.

Nilichokiona katika mitaa yetu ni hiki: nyumba zilizosimama hazikuwa zile za wenye vyeo. Zilikuwa zile ambazo mama alikuwa na shamba la mahindi nje ya mji, au cherehani, au meza ya samaki sokoni, tangu siku ambazo majirani walimcheka kwamba mke wa mfanyakazi wa kampuni anajisumbua bure. Kwa hiyo usiwaambie wajukuu wasiajiriwe. Waambie kwamba siku watakayopata kazi nzuri ndiyo siku ya kuanza mlango wa pili wa mapato, kwa sababu kazi ikishakwisha hakuna mtaji wa kuuanzisha.

Neno moja zaidi kwa huyo mkubwa, asije akadanganywa na habari za kobalti. Ni kweli kwamba sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya dunia hutoka Katanga na Lualaba, na magari ya umeme yameifanya itafutwe. Lakini kuna betri zinazotengenezwa kwa chuma na fosfati bila kobalti hata chembe, na bei ilishuka kiasi kwamba mwezi wa Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kuiuza nje. Akitaka mambo ya migodi, asome kazi inayohama kutoka madini moja hadi mengine: umeme, usafishaji wa madini, matengenezo ya mashine, upimaji wa maji yanayotoka viwandani. Na pamoja na utajiri huo wote chini ya miguu yetu, Zambia ikizuia mahindi yasivuke mpaka wa Kasumbalesa, sisi huku bukari (ugali) inatushinda bei.

Katibu wa muso, Bukavu

Papa Mwalimu, mimi nitasema juu ya karatasi, ambazo wazee wengi huziacha nje ya mashauri yao, labda kwa kuwa hazina utamu wa kusimulia. Mtoto anapaswa kuandikishwa kwenye ofisi ya hali ya kiraia ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, familia inalazimika kupitia mahakamani, na wengi huligundua hilo siku mtoto anapohitaji pasipoti au anapotaka kuandikishwa shule katika mji aliokimbilia. Jambo la parseli, yaani kiwanja, ni hivyo hivyo. Wengi hapa wana fishi ya parseli (karatasi ya kutambulisha kiwanja) peke yake na wanadhani wamemaliza, wakati sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali na kwamba haki ya mtu juu yake inathibitishwa na cheti cha usajili, ambacho kikifikisha miaka 2 hakuna anayeweza tena kukipinga kwa urahisi. Kabla ya kuwapa wajukuu hekima yoyote, wape kila mmoja bahasha yake: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya shule, kadi ya chanjo. Piga picha za karatasi hizo zote na uzitume kwa ndugu anayeishi mji mwingine, kwa sababu simu na nyumba vinaweza kupotea siku moja.

La pili ni mahali pa kujenga. Bukavu ilipangwa kwa watu wachache kwenye rasi za ziwa. Leo nyumba zimepanda miteremko ambayo udongo wake hautulii, na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilituonyesha kuta zipi zilijengwa kwa haraka. Mwezi wa Mei 2023, kule Kalehe, mvua ya siku moja ilishusha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mjukuu atakayenunua kiwanja aende kukitazama mvua inaponyesha, wala asiende wakati wa kiangazi anapoonyeshwa na muuzaji.

Kuhusu akiba, sina mahali salama pa kukuonyesha, ila nakushauri igawanywe: kidogo kwenye simu, kidogo katika dola zilizo safi (noti iliyopasuka hata kwenye kona hukataliwa sokoni, kama ujuavyo), kidogo katika mbuzi au bati, na kidogo katika muso, yaani kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana, mikononi mwa watu wanaokufahamu.

Fundi wa simu, Majengo, Goma

Mzee wangu, shikamoo. Nina umri wa kuwa mjukuu wako, basi niruhusu nijibu kutoka upande wa wanaoshauriwa.

Swali la akili mnemba najua litaulizwa, kwa hiyo nianze nalo. Mimi naitumia kazini. Inanisaidia kuandika barua za Kifaransa na kuelewa michoro ya saketi, na inafanya haraka kazi ambazo zamani kijana wa ofisi alilipwa kuzifanya. Lakini inakosea huku ikiongea kwa uhakika wote, na anayeweza kuligundua kosa ni yule tu ambaye tayari anaijua kazi. Imewahi kunieleza kwa ufasaha namna ya kubadilisha kipande ambacho simu ile haina kabisa. Kwa hiyo mshauri mkubwa asome fani yoyote, umeme au utabibu au sheria, mpaka afike mahali ambapo mashine ikisema uongo yeye anashtuka. Anayejua juu juu atakuwa mtumwa wa jibu la kwanza. Kama hana fedha za chuo kikuu, INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, wanafundisha umeme na ufundi mwingine, na hakuna aibu kuanzia huko.

Halafu lugha. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na bidhaa zinazouzwa hapa nyingi zinapitia Kampala, Mombasa na Dar es Salaam. Kiswahili chetu cha Goma kinatosha kununua ndizi, lakini hakitoshi kusoma mkataba. Wajifunze Kiswahili cha maandishi, Kifaransa cha kweli, na Kiingereza cha kutosha kujadiliana bei.

Jambo lingine ambalo wazee hawalifikirii: wafundishwe kuogelea. Tunaishi kando ya ziwa, tunasafiri kwa meli kwenda Minova na Bukavu, na wengi wetu hatujui kuogelea. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa nchi kavu wakitazama. Shauri hili halihitaji utabiri wowote.

Mwisho, tusimulieni mlivyofanya, na si yaliyotokea tu. Najua kwamba usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka, na kwamba siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Nisichokijua ni jinsi bibi yangu alivyoamua mwaka 2002 ni nini kibebwe na nini kiachwe, na nani alitufungulia mlango tulikokwenda. Habari hizo zingenisaidia kuliko methali kumi.

Mkulima wa Minova

Ndugu zangu, nimesoma yote kwa heshima, lakini sikubaliani na mwelekeo wake. Karatasi katika bahasha, akiba iliyogawanywa, lugha za mbali, kuogelea: mnawaandaa watoto kwa kukimbia. Kukimbia tunakujua, wala hatuhitaji kufundishwa. Kama kila mzee angewaambia wajukuu washike kile tu kinachobebeka, nani angepanda kahawa? Mbuni wa arabika hukaa miaka kama 3 kabla ya kukulipa, na mparachichi wa mbegu hukaa zaidi. Miti tunayokula leo ilipandwa na watu ambao nao hawakuwa na uhakika wa kesho; wengine walihamishwa na vita wakarudi wakaikuta bado imesimama.

Hata hivyo simaanishi kupanda kwa upofu. Mnyauko wa migomba ulipoingia Masisi mwaka 2001, familia zilizokuwa na migomba peke yake ziliona njaa ambayo wenye maharagwe, mihogo na viazi kando yake hawakuiona. Ugonjwa ule ulienezwa pia na panga zetu wenyewe, kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima, mpaka tulipofundishwa kupitisha panga motoni na kukata ua dume mapema. Basi wafundishe wajukuu kuchunguza mmea kabla ya kuukata, na umpe kila mmoja mti wa kutunza, hata kama ni kwenye ndoo juu ya mawe yenu ya Goma. Mtoto asiyekuwa na kitu cha kurudia hawezi kujua kwa nini anasoma.

Mwalimu mstaafu, Goma

Nawashukuru nyote. Mkulima ameniacha na mawazo mengi, na naona ana haki kuliko nilivyotaka kukubali niliposoma mara ya kwanza: swali langu lenyewe lilikuwa limeandikwa na mtu aliyesimama mlangoni na mzigo kichwani. Lakini nisingefuta shauri la fundi wa simu kwa sababu hiyo, kwa kuwa mtoto anayejua kuogelea anaweza pia kupanda miti.

Mama wa Katuba, nina neno moja juu ya mlango wa pili wa mapato. Katika mfano wako mlango huo ulifunguliwa na mama kila mara, juu ya kazi za nyumbani alizokuwa nazo tayari. Nikiwaambia wajukuu wangu shauri hilo bila kuligawanya vizuri, wasichana watasikia kwamba ni wao wanaotakiwa kuchoka mara mbili. Nitaliweka kwa wavulana kwanza, na watajifunza kusonga bukari wakati wa vakansi hii hii. Kwa mkubwa nitasema umeme, kisha nimwache aamue. Bahasha nimeanza kuzitayarisha, na tayari nimegundua kwamba wawili hawana cheti cha kuzaliwa.

Katibu, swali la mwisho. Nimefikiri wajukuu waanzishe muso yao ndogo, pamoja na binamu zao walio Bukavu. Ianzeje, ikiwa kila mmoja ana faranga 500 tu kwa juma?

Katibu wa muso, Bukavu

Faranga 500 zinatosha, Papa. Muso ya kawaida ina visanduku vitatu: kijani ni cha akiba na mikopo, chekundu ni cha msaada mtu akipatwa na ugonjwa au msiba, na cha bluu ni cha fedha zinazotoka nje ya kundi. Kwa watoto acheni cha bluu. Waanze na chekundu pekee kwa miezi ya kwanza, waelewane wenyewe ni shida gani inastahili msaada na ipi haistahili, kwa sababu mabishano hayo ndiyo mafunzo. Kijani kitafuata watakapoweza kuweka hesabu bila kusahihishwa. Wa Bukavu watume mchango kwa simu kila mwisho wa mwezi, si kila juma, la sivyo makato yatakula yote. Atakayeshika daftari asiwe yule anayeshika fedha, na sanduku liwe na kufuli zaidi ya moja. Mikopo kati ya ndugu iandikwe na itiwe sahihi kama ya watu wengine, hata ikiwa ni ya kununua kalamu. Makundi mengi ya familia niliyoyaona yakivunjika yalivunjikia hapo.