Komedi ya nyuma ya pazia: jukwaa na korido tuvitofautishe vipi?

Mwisho_wa_Reli

Habari zenu wakuu. Tupo Kigoma mjini, tunaandaa tamthilia ya vichekesho, vipindi 6 vya dakika 22. Ni kejeli ya kituo kidogo cha TV cha kubuni pale Mwanga. Kuna kipindi cha mahojiano kila Ijumaa usiku, mtangazaji kipenzi cha mkoa mzima, ila kamera zikizimwa ni balaa tupu. Nusu ya matukio ni jukwaani mbele ya watazamaji, nusu ni korido, chumba cha kujipodoa na ofisi ya bosi.

Vifaa: kamera 3 za kubadilisha lenzi, maiki 4 za kubana kifuani, maiki 1 ya mti (ya kushikiliwa juu kwa fimbo ndefu), taa 3 za LED. Majaribio yana kasoro mbili: jukwaa na korido vinafanana mno, na taa za ukumbi zinaleta mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha. Halafu kundi limegawanyika: vicheko viwekwe au visiwekwe? Naomba mawazo ya wanaoijua kazi.

FundiTaa

Mistari kwanza, maana ni jambo la dakika mbili. Nina uhakika kamera zimekaa NTSC, mfumo wa video wa nchi zenye umeme wa hezi 60. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi fremu (picha) 30 kwa sekunde kwa shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, hesabu hazikutani, ndiyo hiyo mistari. Ingia kwenye menyu, weka PAL (mfumo wa nchi za hezi 50), fremu 25, shata 1/50. Angalia tu: kamera nyingine ukibadili hapo zinadai kadi ifomatiwe, yaani ifutwe yote, hivyo hamisha kazi yako kabla hujagusa.

LED za bei ya chini zinaweza kuendelea kupepesa hata baada ya hapo, hasa ukipunguza mwanga kwa kitufe. Ziwashe mpaka mwisho, halafu punguza kwa kuzisogeza nyuma au kutundika kitambaa cheupe mbele yake.

Kibirizi_Juu

Kufanana kwa jukwaa na korido kulishapatiwa dawa zamani. *The Larry Sanders Show* ya HBO, 1992 hadi 1998, ilikuwa na muundo kama wenu: kipindi cha mahojiano na uozo wa nyuma yake. Sehemu za jukwaani zilirekodiwa kwa video kama kipindi halisi cha TV, za nyuma ya pazia zikapigwa kwa filamu. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa "nyuma ya jukwaa" kwenye kioo.

Filamu hamna, lakini mwendo wa picha mnao. Jukwaani rekodini fremu 50 kwa shata ya 1/100, picha inakuwa laini ile ya matangazo ya moja kwa moja. Korido fremu 25 kwa 1/50. Watu wengi wanaharibu hapa: wanafungua mradi wa kuhariri wa fremu 25, programu inatupa fremu moja katika kila mbili za jukwaani na tofauti yote inapotea. Fungueni mradi wa fremu 50. Picha za korido zitarudiwa mara mbili mbili na zitabaki na sura yake. YouTube inapokea fremu 50, na kituo cha TV kikitaka 1080i50 (muundo wa matangazo wenye nusu-picha 50 kwa sekunde), humo vyote viwili vinaingia bila shida. Ila programu isije ikawasha yenyewe ule ulainishaji wa mwendo kwenye picha za korido, zimeni.

Baada ya hapo ni nidhamu. Jukwaani kamera 3 juu ya stendi, hazitembei, taa zinatoka mbele na uso hauna kivuli, kila mtu anapendeza. Korido kamera moja mkononi, lenzi pana, kama milimita 24 kwenye kamera ya sensa kubwa (kile kipande kinachopokea picha, saizi ya "full frame"), mpigapicha anarudi kinyumenyume huku waigizaji wakimfuata. Mshike mtu mmoja kiunoni amwongoze. Balbu zote za korido ziwe za rangi moja. Moja ya njano na nyingine nyeupe, uso unabadilika rangi kila hatua tatu na mhariri hana la kufanya.

Na kejeli yenyewe inakaa kwenye mkato. Mtangazaji jukwaani: "Kigoma, nawapenda kuliko maisha yangu!" Tabasamu hadi jino la mwisho. Kata. Korido, anajichomoa maiki, bado anatabasamu kwa sababu mashavu hayajapata taarifa: "Bahasha iko wapi?" Msiweke muziki hapo katikati, wala picha ya ziwa machweo. Najua mnalipenda ziwa, sote tunalipenda, lakini sekunde tatu za ziwa zinaua mzaha.

Bi_Skripti

Vicheko: wote mko sahihi nusunusu. Jukwaani viwepo, kwa sababu watazamaji wapo ndani ya hadithi. Korido visiwepo kabisa. *Extras* ya BBC katika msimu wa pili, 2006, ilitumia hilo kama kisu: mhusika mkuu amepata komedi yake ya TV, humo vicheko vinamwagika kwa misemo ileile ya kipuuzi, ukitoka nje ya seti ni kimya na aibu.

Msinunue vicheko vya kwenye mtandao, Mmarekani wa miaka ya zamani anasikika mara moja. Alikeni watu 40, tundikeni maiki 2 juu ya vichwa vyao, mbali na spika, kila moja irekodiwe kwenye njia yake ya sauti. Mwigizaji asingoje kicheko kiishe. Kikishuka hadi theluthi hivi, atoe mstari unaofuata. Akiwahi, mstari unamezwa. Akichelewa, ukumbi unapoa.

Kisha hili ndilo tamu. Mkikata kwenda korido, kicheko kisikatike, kipitisheni ukutani: chukueni rekodi ileile, ondoeni sauti zote za juu ya hezi 500 hivi, shusheni kiasi. Kinabaki kile kishindo kizito cha ukumbi wa jirani. Mtangazaji analia kuhusu mkataba wake huku upande wa pili wanamchekea mgeni wake. Hapo hamhitaji mzaha mwingine.

Skripti pimeni kwa saa, msihesabu kurasa. Someni mezani kwa sauti. Kusoma kukizidi dakika 20, kateni, maana kutembea na kukaa kimya kutakula zilizobaki. Kila kipindi kiwe na matatizo mawili yanayogongana. Mfano, mfadhili ni mwenye kiwanda cha sabuni ya mawese, anataka sabuni ionekane kila baada ya dakika tano, na mgeni wa siku hiyo amekuja kuzungumzia msiba.

Mwisho_wa_Reli

Aisee, asanteni sana. Maswali mawili ya mwisho: mabati ya ukumbi mvua ikinyesha, na je, tunaweza kumsema msanii mkubwa wa hapa bila kumtaja jina?

FundiTaa

Mabati hayana dawa. Kati ya Novemba na Aprili pangeni mambo ya maongezi asubuhi, na muwe na tukio la akiba lisilo na maneno. Kabla ya kuondoka kila chumba, rekodini sekunde 30 za ukimya wake, friji na jenereta vikiwa vimezimwa. Hizo ndizo zitakazoziba mashimo kwenye uhariri.

Bi_Skripti

Kutomtaja jina hakukulindi. Watu wakimtambua kwa mwendo, gari na wimbo, kesi ya kashfa ipo. Changanya tabia za watu watatu, au mwalike mwenyewe ajicheke, asaini kurasa zake za skripti kabla ya kamera kuwaka. Nyimbo zake pia zina hakimiliki, hata zikisikika kwa sekunde chache kutoka redio ya korido. Kibali kinafuata Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, chini ya Bodi ya Filamu. Anzeni kwa afisa utamaduni wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji mkiwa na skripti nzima mkononi. Mkitaka kurekodi stesheni, barua ya Shirika la Reli inaombwa peke yake, kibali cha Bodi hakichukui nafasi yake.