Mama yangu kaona Ruvuma dirishani, kajibiwa "bibi, kwani wewe ndo rubani?"

Wakuu salamu baadaye, natetemeka kwa hasira hapa hata simu inaniponyoka. Saa nne na nusu asubuhi hii nipo uwanja wa ndege Mtwara, kwenye benchi lilelile nililoinuka saa mbili kwenda kupanda ndege ya Dar. Hawa jamaa siwataji, kila mtu wa Kusini anawajua, tiketi yao ukiishika inabidi uage ukoo mzima kama unaenda Hija.

Nampeleka mama Dar, ana miadi ya macho saa sita mchana, miadi tumeingoja miezi miwili. Nikamkalisha dirishani upande wa kulia makusudi, maana ukitoka Mtwara kwenda Dar bahari iko kulia na jua la asubuhi linakuja hukohuko. Tukaruka kuelekea kusini, hilo sina tatizo nalo, kipindi hiki cha kusi ndege inaukabili upepo kwanza afu inakata kona inarudi kaskazini. Basi nikawa nasubiri kona. Kona haiji, ndege inazidi tu kukata kusini-mashariki juu ya bahari. Jua likahamia kwa watu wa kushoto, naona wanashusha vifuniko vya madirisha, sisi wa kulia tumekaa kivulini kama tuko chini ya mwembe. Mama kakunja ncha ya kanga mkononi, kanigusa goti: "Mwanangu, yale maji ya tope si Ruvuma yale?"

Nikainama kuchungulia. Ruvuma wakuu! Mdomo wote ule, mafungu ya mchanga yamelala katikati, maji ya kahawia yanaingia kwenye bahari ya bluu na ule mstari kabisa unaonekana yanapogusana. Mama kazaliwa Msimbati, babu alikuwa mvuvi, ile sehemu kaijua tangu anabebwa mgongoni. Kamwita yule dada wa ndege kwa upole kabisa, "samahani mwanangu, mbona kama tunaenda Msumbiji?"

Yule dada hata kuinama hakuinama, kasimama hivihivi kajibu kwa sauti ndege nzima isikie: "Bibi, kwani wewe ndo rubani?"

Na watu wakacheka!!! Mama kanyamaza, kageukia dirisha, kajifunika kanga mpaka kwenye kidevu.

Dakika tatu hazijaisha rubani huyo kwenye spika, eti abiria wapendwa mtambo wa kuonyesha uelekeo una hitilafu, tunarudi Mtwara, msiwe na wasiwasi. Kicheko hakikusikika tena, mpaka aliyekuwa anakoroma kaamka. Yaani mwenye miadi ya macho ndo kaona, wenye macho yao mazima na mitambo ya mabilioni hawajaona. Tungechelewa kidogo tu saa hii tungekuwa tunaulizwa pasipoti kwa Kireno.

Mtambo kuharibika naelewa, hata feni ya nyumbani inakufa. Ila "bibi, kwani wewe ndo rubani"? Kwa mtu aliyekuzidi miaka arobaini? Tumeshuka ngazi yule dada kasimama pale mlangoni anatuambia "karibuni tena", mama hajapewa hata pole. Kaunta wanasema fundi anatoka Dar, tusubiri, wametugawia soda ya moto. Miadi hatuiwahi tena hiyo. Na mama kila baada ya muda ananiuliza, "hivi mwanangu nilikosea kumuuliza?" Hapo ndo naishiwa nguvu.

Chai_Rangi: Mgonjwa wa macho kauona mto toka angani? Mkuu hii chai umeitia tangawizi kabisa.

Mleta uzi: Ana mtoto wa jicho jicho la kushoto, la kulia linaona mpaka kumbikumbi. Usimchezee mama yangu, ameshachezewa vya kutosha leo.

Binti_Shangani: Nawajua hao, mwezi uliopita begi langu lilienda Dar mimi nikabaki Mtwara. Begi ndo lilikula wali wa shughuli. Mpe pole mama, kuitwa bibi na mtu anayelipwa kukuhudumia inauma jamani.

Mkia_wa_Taa: Na wewe mtoto wa kiume ulikaa kimya mama anatukanwa? Sasa hivi ndo unabweka huku kwa bando la mia tano.

Mleta uzi: Nilisimama nikaambiwa nikae nifunge mkanda. Ningefanyaje, nishuke?

Nahodha_Mstaafu: Vijana punguzeni jazba niwaeleze. Ndege kubwa nyingi kabla hazijaondoka zinaambiwa kwanza ziko wapi, kwa namba za latitudo na longitudo, hesabu zote za njia zinaanzia hapo. Ukikosea mwanzo mtambo unajumlisha juu ya kosa. Tarehe 10 Machi 2015 ndege ya AirAsia X ilikuwa Sydney inaenda Kuala Lumpur, kapteni kaingiza 01519.8 badala ya 15109.8, yaani digrii 15 badala ya 151. Ndege ikajiona iko zaidi ya kilomita 11,000 kutoka pale ilipoegeshwa! Dalili zilitokea kabla hawajaruka, hawakuzifanyia kazi. Wamepaa tu ikakata kushoto ikavuka njia ya ndege zinazoondokea barabara ya pili ya kurukia, wakajaribu kurekebisha angani vitu vikazidi kuzima, wakataka kurudi Sydney hali ya hewa imeharibika, wakaenda kutua Melbourne. Wote salama. Sisemi yenu ndo hiyo, ila kurudi Mtwara rubani alifanya sawa.

Chai_Rangi: Kosa la namba moja tu ndege ipotee? Nahodha na wewe umeleta birika.

Nahodha_Mstaafu: Kasome habari ya ndege ya shirika la Varig mwaka 1989 huko Brazili, toka Marabá kwenda Belém. Karatasi ya uelekeo imeandikwa 0270, maana yake nyuzi 27.0 za dira, rubani kaweka 270. Belém iko kaskazini, wao wakaenda magharibi mpaka mafuta yakaisha juu ya msitu wa Amazon usiku. Walikuwa watu 54, wakafa 12. Jua lilikuwa linazama mbele ya kioo chao na bado hawakushtuka.

Mleta uzi: UMEONA!! Jua! Mama yangu kashtukia kwa jua na mto, bila karatasi wala namba. Wangemsikiliza! Badala yake bibi kwani wewe ndo rubani.

Korosho_Gredi_One: Nyie wa ndege mna bahati, mmerudi Mtwara mzima mzima. Sisi wa basi Mei 2024 mvua zimekata barabara pale Somanga, nimelala njiani, maji ya kunywa yanauzwa kama petroli. Kuna mtu aliniuliza hata pole?

Mzee_wa_Nangurukuru: Usiniguse hapo kijana. Mimi basi liliniacha chooni Kibiti, begi langu na viatu vimefika Lindi, mimi nina kandambili. Konda nampigia ananiambia "mzee, kojo gani la robo saa".

Binti_Shangani: 😂😂😂 mzee jamani

Mkia_wa_Taa: Lipi hilo basi? La bluu?

Mzee_wa_Nangurukuru: Hilohilo. Silitaji.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Fundi amefika, kaingia na begi dogo kama la kinyozi. Yule dada kapita mbele yetu kaangalia pembeni. Nimtake amuombe mama radhi au niende kwa mkubwa wao?

Korosho_Gredi_One: Mada ni umeme bwana. Gesi inatoka Mnazi Bay hapo kwetu, tangu 2015 bomba linaipeleka Dar, mimi jana usiku nimekula samaki gizani mwiba ukanikwama. Nalo hilo tumlalamikie dada wa ndege?

Mkia_wa_Taa: Samaki gani?

Korosho_Gredi_One: Changu.

Mkia_wa_Taa: Changu feri leo bei gani?

Korosho_Gredi_One: Usiulize, wamekaa wanakuangalia viatu kwanza ndo wanataja bei. Wa Mikindani afadhali kidogo.

Binti_Shangani: Afadhali wapi, mimi juzi Mikindani nimeuziwa aliyelegea macho, muuzaji ananiapia kavuliwa alfajiri. Namfungulia uzi wake sasa hivi.