Naomba ushauri: mswada umerudishwa, naambiwa nihariri muundo kwanza

Binti Mkonge
Salaam wanajukwaa. Nina mswada wa riwaya, kurasa 312, kazi ya miaka minne. Miezi minane ya mwisho nilikuwa nasahihisha tahajia, koma, maneno yanayojirudia. Nikaupeleka kwa mchapishaji, umerudi na barua fupi: lugha inapendeza ila muundo haujakaa, nihariri muundo ndipo niulete tena. Imeniuma. Muundo si ndiyo sura zangu 22 nilizozipanga? Na asiye na hela ya kumlipa mhariri anafanyaje?

Kalamu ya Mwanzi
Pole sana dada. Tueleze hadithi kwa sentensi tatu tu. Kisha utuambie lile tukio linalomfanya mhusika wako ashindwe kukaa kimya liko ukurasa wa ngapi.

Binti Mkonge
Mjukuu anarudi Korogwe kumzika babu yake, aliyekuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye shamba la mkonge. Ndani ya sanduku la babu anakuta vipande, zile kadi za kuhesabia siku za kazi, vyote vina jina la mtu mwingine. Anaanza kumtafuta mtu huyo.

Sanduku linafunguliwa ukurasa wa 74. Kabla ya hapo nimeeleza mkonge tangu Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, Silabu, ile ofisi ya kuandikisha manamba, maisha ya makambini, mpaka mashamba kutaifishwa mwaka 1967.

Kalamu ya Mwanzi
Basi umeshaliona tatizo. Nimehariri miswada miaka kadhaa na utaratibu wetu ni huu: muundo kwanza, sentensi baadaye, tahajia na prufu mwisho kabisa. Koma ulizozirekebisha kwenye kurasa 73 za mwanzo, nyingi zitaondoka na kurasa zake. Ndiyo maana nasikitika ulianzia huko.

Hela haihitajiki kwa hatua ya kwanza. Funga kompyuta. Kata karatasi 22, kila sura na yake. Andika mambo mawili: nani anataka nini, na sura inapoisha kimebadilika nini. Ukikosa cha kuandika hapo pa pili, sura hiyo ni maelezo matupu hata kama sentensi zake ni tamu. Zitandaze sakafuni, uanze kuzihamisha. Usiguse mswada mpaka karatasi zikae sawa.

Mzee wa Pangani
Mimi sikubaliani. Habari za manamba hazijaandikwa vya kutosha. Akikata historia, vijana wataijulia wapi? Si kila kitabu lazima kianze na kishindo.

Kalamu ya Mwanzi
Shikamoo mzee. Sijasema ikatwe, nasema ihame. Novemba 1924 mhariri Maxwell Perkins alimwandikia mwandishi F. Scott Fitzgerald kuhusu mswada wa riwaya yake, The Great Gatsby. Habari za maisha ya Gatsby, mhusika mkuu, zilikuwa zimerundikwa mahali pamoja, akamshauri zijitokeze kidogo kidogo hadithi ikiendelea. Fitzgerald akapanga upya, kitabu kikatoka Aprili 1925. Msomaji hula historia akiwa na njaa nayo. Dada, mjukuu akishashika kile kipande mkononi, sisi wenyewe tutataka kujua Silabu ni nini.

Nahodha wa Kesho
Kwa hiyo ni kisengerenyuma tu, hadithi kurudi nyuma kusimulia ya zamani?

Kalamu ya Mwanzi
Hapana, kisengerenyuma ni mbinu mojawapo. Akiitumia kila sura atatuchosha vilevile.

Binti Mkonge
Wiki sita zimepita, narudisha mrejesho. Karatasi tisa kati ya 22 zilikosa jambo la pili. Tisa! Sanduku sasa linafunguliwa ukurasa wa 6. Kambi tunaiona mjukuu anapolala humo, si kabla. Sura ya harusi ya shangazi nimeitoa yote, na nililia, maana ndiyo niliyoipenda kuliko zote, lakini hakuna aliyemhitaji shangazi tena baada ya hapo. Nimebaki na kurasa 251.

Kilichonishangaza ni kwamba nilipohamisha sura niligundua hadithi haikuwa na mwisho. Mjukuu alimpata mtu, wakasalimiana, basi. Zile kurasa za historia zilikuwa zinanifichia hilo.

Habari za Hindorf nimempa mzee mmoja wa korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge, azisimulie. Anamwambia mjukuu kwamba kati ya miche 1,000 ilifika hai 62 tu, huku mashine iko kimya nyuma yao. Mzee wa Pangani, shikamoo. Hapo nimekosea?

Mzee wa Pangani
Marahaba mwanangu. Hapo hapo pamekaa, nimeridhika. Ila kaangalie vipande vya babu yako. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, na siku usiyotoka haikuhesabiwa. Mtu aliweza kukimaliza kwa wiki sita. Kama babu wa kwenye kitabu anajaza kimoja kila mwezi bila kukosa, sisi tuliokata mkonge hatutamwamini.