Mdogo wangu anyimwa akaunti kwa sababu ya ulemavu wa akili, naomba ushauri

Assalaam aleykum ndugu zangu. Niko Malindi. Mdogo wangu ana ulemavu wa akili, ni mtu mzima mwenye kitambulisho, na hulipwa kwa kupara samaki sokoni. Anataka akaunti kwa jina lake. Benki wamekataa, eti mjomba ndiye atie sahihi. Pesa ni zake, jasho lake! Ukimpangia noti mezani na kumweleza taratibu, atakwambia hii ya nauli, hii ya mama, hii ya kuweka. Anachohitaji ni muda, na mtu anayemwamini kando yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, kifungu cha 12, unataka asaidiwe kuamua, si kuamuliwa. Mliopitia haya, mlimwandikia nani barua? Au nianze na wakili?