Mrejesho: nyasi bandia juu ya udongo wa mfinyanzi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama nyasi bandia zinaweza kutandikwa moja kwa moja juu ya mfinyanzi, maana kwetu jua ni kali na ua ulikuwa umejaa nyufa za kupitisha kidole. Mliniambia nisithubutu. Nawashukuru sana.

Tulichimba sentimita 12, tukatandaza kitambaa cha kuchuja ili kokoto zisizame kwenye tope, kisha kokoto ndogo zenye vumbi la mawe, tukazishindilia tabaka kwa tabaka na kuacha mteremko kidogo kuelekea mtaroni. Kazi ilikuwa hapo. Nyasi zenyewe ni siku moja tu. Mvua kubwa ya kwanza nilisimama barazani nikitazama: maji yakaondoka yote, hakuna dimbwi. Mfinyanzi ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, kwa hiyo bila msingi ule sasa hivi pangekuwa na mabonde na vilima.

Joto ndilo linaloniumiza. Saa saba mchana mtoto hawezi kukanyaga peku. Nikizimwagia nyasi maji zinapoa, lakini baada ya muda mfupi zinachoma tena. Nimefunga turubai upande anaochezea. Upande wa pili nitapanda mti.